Mama kwenye chumba cha chanjo, mtoto kwenye chumba cha uzazi: kisa cha saini moja Mumias

Alifika saa mbili asubuhi, Jumanne, siku ya kliniki. Kichanga cha wiki sita alikuwa amekipakata ndani ya shali, kijitabu cha mama na mtoto kikiwa ndani ya bahasha ya kaki, na leso ameifunga kifuani kwa kubana kuliko kawaida. Upande wa kushoto leso ilikuwa na doa bichi. Akina mama wengine kwenye benchi walidhani ni maziwa.

Ana miaka 17 na miezi 8. Analelewa na kukhu, yaani nyanya yake, katika kijiji cha wakulima wa miwa nje ya Mumias. Mama yake yuko Saudia, kazi za nyumbani. Baba alitoka kwenda kutafuta riziki Nairobi kiwanda cha sukari kilipolala, na simu yake haipatikani tena. Nje ya lango la kituo, kijana wa miaka 23 amekaa juu ya pikipiki yake ya bodaboda anasubiri. Huyo ndiye baba wa mtoto.

Niseme mapema: msichana huyu ni wengi. Nimewakuta kwenye mabenchi ya vituo vya afya kati ya Butere na Mumias kwa miaka yangu ya uuguzi, nikawatia ndani ya mwili mmoja ili asitambulike yeyote. Kituo nacho sikitaji. Sheria ninazozitaja ndizo zilizopo.

Siku hiyo aliingia vyumba vinne. Kila chumba kilikuwa na jibu lake kwa swali lilelile: huyu anaweza kujisemea?

Chumba cha kwanza kilikuwa cha chanjo. Sista hakuuliza umri. "Mama, kaa hapa. Mshike mguu, mama, usiuache." Matone ya polio mdomoni, matone ya rota ya kuzuia kuhara, pentavalenti, yaani ya magonjwa matano, paja la kushoto, ya nimonia paja la kulia. Mtoto akalia, mama akambembeleza kwa titi la kulia tu, la kushoto hakuligusa. Sista akamwandikia tarehe ya wiki ya 10, akamkumbusha kwamba akifikisha miezi sita kuna chanjo ya malaria, maana huku kwetu magharibi ndiko ilikoanzia kutolewa mwaka 2019. "Haya mama, nenda salama."

Mara tatu aliitwa mama, na kisheria sista hakukosea hata mara moja. Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya inampa mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inawabebesha mama na baba jukumu hilo kwa usawa. Haisemi mzazi awe wa umri gani. Kichanga kile kesho kikihitaji kupasuliwa ngiri, anayetia saini ni yeye. Atasomewa hatari za dawa ya usingizi, ataulizwa kama ameelewa, ataandika jina lake. Mtu wa miaka 17 anaweza kuamua kisu kipite au kisipite kwenye mwili wa mwanawe. Lishike hilo, maana kwenye chumba cha nne litatusumbua.

Chumba cha pili, cha kupima virusi vya Ukimwi, kilichukua dakika chache. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2006, kifungu cha 14, inakataza kumpima mtoto bila ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Kisha inafungua dirisha: mtoto aliye mjamzito, aliyeolewa, aliye mzazi, au anayeishi kwa namna inayomweka hatarini kuambukizwa, anaweza kuridhia mwenyewe kwa maandishi. Miongozo ya wizara nayo inamruhusu kijana wa miaka 15 na kuendelea kujiamulia kipimo hiki. Kwa hiyo alistahili kwa njia zote mbili. Ila kitu kimoja hufanywa ovyo: sheria inasema maandishi, na vituo vingi hutosheka na kutikisa kichwa. Mshauri wa siku hiyo alimpa kalamu. Majibu yakatoka hana virusi.

Tazama jinsi dirisha lile lilivyo. Kinachompa ruhusa hapa si akili yake wala kuelewa kwake. Ni yule mtoto aliyempakata. Mwenzake wa darasani mwenye umri uleule, asiye na mimba wala mpenzi, angeitegemea miongozo, kwa sababu dirisha la sheria lisingemwona.

Sasa chumba cha tatu, cha kupanga uzazi. Hapa ndipo mambo yaligeuka.

Alitaka sindano ya miezi mitatu. Sababu zake zilikuwa safi: Januari anarudi Form Three, kukhu amekubali kubaki na mtoto, na mwalimu mkuu hana budi kumpokea, maana sera ya kuwarejesha shuleni wasichana waliojifungua ipo tangu 1994 na miongozo mipya ilitoka 2020. Kwa upande wa tiba hakukuwa na kikwazo. Kwa anayenyonyesha, sindano hii huanza kutolewa baada ya wiki sita, na ndizo alizotimiza.

Sista wa chumba hiki alifungua kijitabu, akakiangalia tarehe ya kuzaliwa, akavua miwani. "Kumbe wewe ni mtoto. Mzazi wako yuko wapi?"

Tusimlaumu upesi. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, kifungu cha 16, inampa kila mtoto haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachowezekana, halafu inaweka sharti: huduma za afya ya uzazi kwa mtoto zitategemea ridhaa ya wazi ya mzazi au mlezi wake. Sista alihudhuria mafunzo, anakijua kifungu hicho, na hataki kuitwa kujieleza. Lakini sharti hilo ukilishika kama lilivyo, maswali yanarudi nyuma miezi kumi. Msichana huyu alihudhuria kliniki ya wajawazito mara nne katika kituo hikihiki. Alipimwa tumbo, damu, mkojo. Alijifungua kitanda cha pili kutoka dirishani, akashonwa. Ikiwa kuna huduma ya uzazi duniani, basi ni hizo. Nani aliulizwa ridhaa? Uchungu wa kuzaa tuseme ni dharura. Na zile ziara nne? Hakuna aliyevua miwani.

Hapo ndipo ninapobishana na wenzangu. Katika vituo vyetu sharti la 2022 halitumiki kwenye "afya ya uzazi". Linatumika pale tu msichana anapotaka kuzuia mimba. Akiwa nayo tayari, tunamwita mama na kumfungulia faili. Hilo halimo kwenye kifungu chochote. Tumelitunga sisi wenyewe kwa aibu zetu. Ibara ya 43 ya Katiba inataja afya ya uzazi waziwazi ndani ya haki ya afya ya kila mtu, na ibara ya 53 inasema maslahi ya mtoto ndiyo yatakayotangulia katika kila jambo linalomhusu. Wanasheria wakitaka kupamba hoja hukimbilia uamuzi wa Gillick wa Uingereza wa mwaka 1985, ambapo majaji walikubali kwamba mtoto wa chini ya miaka 16 mwenye kuelewa vya kutosha anaweza kupewa ushauri na dawa za kupanga uzazi bila mzazi kujua. Afrika Kusini imeliandika jambo hilo kwenye sheria yake ya watoto, na kiwango chake ni miaka 12. Ni mifano mizuri, na mahakama zetu zinaweza kuisikiliza, lakini haimfungi sista wa Mumias. Anayemfunga ni Bunge lake, na Bunge limesema mzazi.

Basi apigiwe simu mzazi. Sheria inasema ridhaa ya wazi, haisemi ya maandishi. Kama ingetaka maandishi ingesema, kama ile ya Ukimwi ilivyosema. Simu ikiwekwa spika, wahudumu wawili wakasikiliza, jina na saa vikaandikwa kwenye faili, naona sharti limetimia. Wapo watakaodai barua yenye sahihi. Waniletee mstari unaoidai.

Sista alikubali. Akamwambia apige.

Msichana aliinamisha kichwa. "Mama hajui."

"Hajui nini?"

"Hajui kama nilizaa."

Kukhu alikuwa ameficha. Aliogopa binti yake angevunja mkataba na kurudi, na ile pesa ya mwezi ndiyo karo, ndiyo mbolea, ndiyo mabati. Kwa miezi kumi mama alisikia tu kwamba mtoto anaendelea vizuri na shule.

Kwa maneno mengine, bei ya sindano ikawa siri ya nyumba nzima. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, kifungu cha 11, inalinda habari za mgonjwa zisitoke bila ridhaa yake. Sheria ya Watoto inataka mzazi aridhie. Huwezi kumwomba mtu ridhaa ya kumzuilia binti yake mimba ya pili bila kumwambia kulikuwa na ya kwanza. Sista akasita, na kusita kwake kulikuwa kwa busara kuliko hukumu yoyote: hakumpigia mama bila msichana kukubali, na hakutoa sindano. Akafanya lile ambalo kifungu hakimzuii, yaani kueleza. Kwamba akinyonyesha maziwa peke yake usiku na mchana, na hedhi haijarudi, ana kinga nzuri hadi miezi sita, na kwamba kinga hiyo itavunjika siku atakapoenda shule na mtoto kupewa uji au maziwa mengine. Kwamba ana muda wa kufikiri, si wa kupoteza. Na kwenye korido, hatua kumi kutoka mlango huo, kulikuwa na kasha la kondomu ukutani. Kasha halimuulizi mtu tarehe ya kuzaliwa.

Alipoinuka ndipo sista alipoliona doa la leso.

Chumba cha nne ni cha upasuaji mdogo. Titi la kushoto lilikuwa limevimba kama embe, jekundu, linang'aa, gumu pembeni na laini katikati. Ukibonyeza kwa kidole unasikia usaha ukihama chini ya ngozi. Lilianza kama ufa kwenye chuchu siku nane zilizopita, akaliwekea majani ya kabichi na kumeza dawa za maumivu za dukani. Joto 38.8. Mapigo ya moyo 118. Anatetemeka.

Daktari mwanafunzi aliyekuwa zamu alijua cha kufanya mkononi: ganzi, kupasua, kutoa usaha, dawa za kuua vijidudu, titi la kulia liendelee kunyonywa na la kushoto likamuliwe. Kilichomkwamisha ni karatasi. Fomu yetu ina mstari mmoja wa nukta na maneno "mgonjwa / mzazi / mume / mlezi", unakata yasiyohusika. Akashika kalamu juu ya mstari ule kwa muda mrefu. "Mgonjwa" hawezi kuwa, ana miaka 17. "Mzazi" yuko Saudia. Likabaki "mume". Akatoka hadi langoni akamwita yule kijana wa bodaboda.

Kijana aliingia na kofia yake ya pikipiki kwapani, amejaa hofu, tayari kutia sahihi popote. Nia yake sikuitilia shaka. Lakini hilo lingekuwa kosa kubwa kuliko yote ya siku hiyo, na ndilo ninaloliona likitendeka mara nyingi zaidi. Sheria ya Ndoa ya 2014 haitambui ndoa ya aliye chini ya miaka 18, hata kama wanakaa pamoja na kukhu anamwita mkwe. Hana cheo chochote juu ya mwili wa msichana huyu. Zaidi ya hapo, hesabu ya miezi inaonyesha mimba iliingia akiwa na miaka 16, na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2006, kifungu cha 8, inasema wazi kuhusu mtu mzima na mtoto wa miaka 16 hadi 18: kifungo kisichopungua miaka 15, na kukubali kwa msichana hakumtoi. Ukimkabidhi kalamu, unamwomba mtuhumiwa awe mlezi wa aliyekosewa. Mimi nilimrudisha nje kwa heshima. Kuhusu kosa lenyewe, nilizungumza na msichana peke yake, mlango umefungwa, nikaandika aliyoniambia, nikamweleza kuna afisa wa watoto wa kaunti ndogo na namba 116 ambayo mtoto anaweza kuipiga bure. Wenzangu wapo wanaosema ningeita polisi pale pale. Wapo wanaosema ningenyamaza. Ninachokijua ni kwamba msichana anayeona polisi kwenye chumba cha vidonda haji tena na titi linalooza.

Tunarudi kwenye jipu. Nani aseme ndiyo?

Hapa watu hudhani dharura ni damu inayoruka au mtu aliyezimia. Sheria ya Afya inaieleza kwa upana zaidi: ni huduma ya lazima na ya haraka ili kuzuia kifo au hali kuzidi kuwa mbaya. Isome tena sehemu ya mwisho. Usaha uliokwiva, joto 38.8, moyo unaokwenda mbio, mama anayenyonyesha. Ukingoja hadi kesho, vijidudu vinaweza kuingia kwenye damu. Kifungu cha 7 kinampa kila mtu haki ya matibabu ya dharura, na taasisi iliyo na uwezo ikimnyima inaweza kutozwa faini. Kifungu cha 9 kinaruhusu kutibu bila ridhaa rasmi pale mgonjwa anapotibiwa kwa dharura, au pale kuchelewa kunapoweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebika na mgonjwa mwenyewe hajakataa. Ibara ya 43 ya Katiba inayafunga yote: hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Daktari mwanafunzi alikuwa anaogopa kushtakiwa kwa kupasua, kumbe lililokuwa karibu naye zaidi ni kosa la kutopasua.

Na hata hivyo sikutaka tufanye kama yeye hayupo chumbani. Nilimuuliza maswali manne yaleyale ambayo angeulizwa kuhusu ngiri ya mwanawe: una nini, tunataka kufanya nini, kinaweza kuharibika nini, na ukikataa itakuwaje. Akajibu yote. La mwisho alilijibu hivi: "Itaingia kwa damu na nitashindwa kumnyonyesha." Wapo watu wazima waliosoma kumzidi ambao hawajibu hivyo.

Kukhu naye alitafutwa. Mhudumu wa afya wa kijiji akampigia jirani, na baada ya dakika 40 mama mzee akaingia na jembe, miguu ina udongo. Mlezi wa kisheria, kwa maana kamili ya Sheria ya Watoto, huteuliwa kwa wosia, kwa hati au na mahakama, na kukhu hana hata karatasi moja. Lakini ndiye anayemlisha, na hospitali zetu zimewapokea akina kukhu tangu zamani. Nisingemtegemea yeye peke yake kama ingekuwa upasuaji wa kungojewa. Kwa jipu lile, alikuwa nyongeza nzuri juu ya hoja ya dharura. Akaweka dole gumba kwenye wino, akalifuta kwenye kanga.

Fomu ikaandikwa hivi: msichana ametia sahihi yake kwamba ameelewa na amekubali, kukhu dole gumba kama mtu anayemlea, na chini yake mistari mitatu ya daktari na mimi, kueleza kwa nini haikuwezekana kungoja, saa ngapi, joto ngapi. Neno "mume" lilikatwa kwa mistari miwili. Saa sita na nusu jipu likapasuliwa. Usaha ulijaza nusu ya bakuli lenye umbo la figo. Alishika mkono wa kukhu na hakulia, ila mtoto alilia kwa ajili yao wote.

Sasa weka vyumba viwili vya mwisho pamoja. Mgonjwa mmoja, umri mmoja, asubuhi moja, mama mmoja asiyepatikana. Jipu tulilipasua, sindano tukainyima, na naamini yote mawili yalikuwa sahihi kwa sheria tuliyonayo. Jipu halingeweza kungoja. Sindano iliweza, kwa wiki kadhaa, kwa sababu ya kunyonyesha. Angekuwa hanyonyeshi, na yuko kwenye uhusiano uleule, ningekaa chini na sista tukaisoma upya ibara ya 53 kwa sauti, na sina hakika tungeishia palepale.

Wiki ya 10 alirudi kwa chanjo ya pili. Kidonda kilikuwa kimefunga, kimebaki kovu la urefu wa punje ya hindi. Alikuja na simu ya kukhu. Saa za Saudia ni sawa na zetu, lakini mwajiri humruhusu mama simu baada ya saa nne usiku tu, kwa hiyo alikuwa ametuma ujumbe wa sauti WhatsApp. Tulioketi na kusikiliza tulikuwa wawili, mimi na sista wa miwani. Mama alianza kwa kunyamaza kwa muda, kisha akauliza mjukuu wake anaitwa nani. Akalia. Akamtukana kukhu kidogo kwa Kiwanga. Mwishoni akasema jina lake lote, akasema yeye ndiye mama mzazi, wampe hiyo sindano, asome.

Sista aliucheza ujumbe mara ya pili, akaandika maneno yale kwenye faili na saa yalipotumwa, akasaini, nami nikasaini. Akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Kwenye kadi akaandika tarehe ya kurudi, baada ya wiki 13, akahesabu kwa vidole, akacheka: siku hiyo msichana atakuwa ametimiza miaka 18 na siku tisa.